Ngata ya Fidla

Mtungi ukishatuliwa, ngata hubaki. Hulala kando ya mlango, kipande cha kanga kilichosokotwa duara au majani makavu ya mgomba yaliyokazwa kwa ganda la mgomba huo huo, ikiwa bado na unyevu wa maji yaliyochuruzika njiani. Sokoni haina bei. Hakuna anayeirithi, na mtoto akiitupa jalalani hapigwi. Hata hivyo, bila ngata, kitako cha mtungi na utosi wa mwanadamu havipatani, maana kimoja ni udongo uliochomwa na kingine ni mfupa ulio hai, na kila kimoja kina mviringo wake. Ngata yenyewe haibebi. Inayobeba ni shingo, na uti wa mgongo, na nyonga zinazojua kuyumba kidogo ili maji yasiyumbe. Kazi ya ngata ni kukaa katika ile nafasi ambamo umbo la mzigo limekataa kukutana na umbo la mbebaji, na kuijaza. Aliyeivaa hakuitwa mvivu, na hakuna bibi aliyemnyima mjukuu wake ngata ili ajifunze ubebaji wa kweli.

Ndani ya kasha la fidla, karibu na kitambaa cha kufutia nyuzi, hukaa kitu kinachofanana na ngata kwa kazi ingawa hakifanani nayo kwa sura. Ni kipande chembamba cha mbao au plastiki, kimepindwa kama ubavu wa mbuzi na kuvishwa sponji upande mmoja. Kila ncha ina miguu yenye mpira, na miguu hiyo hung'ang'ania kingo za mgongo wa fidla. Hiki ndicho kiegemeo cha bega. Udogo wake haukukizuia kuwagawanya wapiga fidla wa Ulaya na Marekani kwa vizazi kadhaa, kiasi kwamba mwanafunzi anayehama kutoka kwa mwalimu mmoja kwenda kwa mwingine huweza kuamriwa siku ya kwanza akivue, au akivae. Upande mmoja unashikilia kwamba fidla iliyofungwa kiegemeo imefungwa mdomo, na kwamba mpigaji wake amejinyima uhuru wa kuisogeza na kuisikia ikitetemeka mwilini. Upande wa pili unashikilia kwamba kupiga bila hicho ni kujitafutia maumivu ya shingo ambayo dawa yake inauzwa dukani. Nimeyapima maneno ya pande zote mbili, na jibu ninaloliona ni hili: mpigaji ambaye mwili wake umeacha pengo na alijaze bila haya, lakini kilichojazwa hapo kiwe ngata, kisigeuzwe koleo. Mengine yote yanatoka hapo, na yanahitaji kuelezwa polepole.

Tuanze na vipimo, kwa kuwa ubishi huu hukolea pale vipimo vinaposahauliwa. Mwili wa fidla ya mtu mzima, ukiiacha shingo yake, una urefu wa karibu sentimita 35.5, na kuta zake za ubavuni zina kimo cha sentimita 3 hivi. Fidla za Andrea Amati, zilizotengenezwa mjini Cremona, Italia, katika karne ya 16, tayari zilikuwa zimekaribia umbo tunalolijua, na Antonio Stradivari, aliyefariki katika mji huo huo mwaka 1737, aliliboresha bila kulivunja. Kwa watoto zipo fidla ndogo: robo tatu, nusu, robo, moja ya nane, hata moja ya kumi na sita. Mtoto akishakua, ngazi hiyo inaishia hapo. Mtu mwenye urefu wa mita moja na nusu na mtu wa karibu mita mbili wote hupewa fidla ile ile. Viatu vina namba, kofia ya mkono hupimwa kwa kichwa cha mvaaji kabla uzi wa kwanza haujapita, lakini fidla ya mtu mzima haimuulizi mtu ana shingo ndefu kiasi gani. Inatua juu ya mtulinga, mfupa ule mwembamba unaopita chini ya koo kuelekea begani, na kutoka hapo hadi kwenye taya kuna nafasi. Kwa mwenye shingo fupi na mabega yaliyoinuka, unene wa fidla unaijaza yote na mambo yamekwisha. Kwa mwenye shingo ndefu na mabega yanayoteremka, panabaki uwazi wa vidole viwili, vitatu, pengine vinne. Uwazi huo hauondoki kwa bidii wala kwa nidhamu. Usipojazwa na kitu, utajazwa na mwili: bega litapanda juu, au shingo itainama upande na kubaki imeinama kwa saa nne za mazoezi kila siku, miaka nenda miaka rudi.

Wazee wa fidla hawakulijua tatizo hili kwa sura hii, kwa sababu fidla yao haikukaa mahali pamoja. Francesco Geminiani, Mwitaliano aliyechapisha kitabu chake cha ufundi wa fidla London mwaka 1751, aliielekeza iwekwe chini kidogo tu ya mtulinga. Miaka mitano baadaye, huko Augsburg, Leopold Mozart, baba wa yule mtunzi, alieleza namna mbili: ya kwanza fidla inaegemea kifuani, ya pili inaegemea shingoni na kidevu kinashuka kuizuia. Ile ya kwanza aliikubali kuwa inapendeza machoni pa watazamaji, ila akaonya kwamba mkono unapokimbia, fidla haina pa kujishika na inaweza kuanguka. Katika onyo hilo imo historia yote ya viegemeo. Muziki ulipokuwa unakaa karibu na kichwa cha fidla, mkono wa kushoto uliweza kuwa mchukuzi na mwimbaji kwa wakati mmoja. Watunzi walipoanza kuupeleka mkono huo juu kabisa, karibu na mwili wa fidla, kisha kuurudisha chini kwa kasi, kila safari ya kurudi iliivuta fidla kutoka chini ya kidevu. Karibu mwaka 1820, Louis Spohr, mpigaji na mtunzi wa Ujerumani, alibuni kiegemeo cha kidevu, kile kibao kidogo ambacho leo kiko juu ya karibu kila fidla na ambacho hakuna anayekigombania. Mfaransa Pierre Baillot, katika kitabu chake cha miaka ya 1830, aliruhusu leso nene au aina ya mto iwekwe chini ya fidla kwa wale ambao nafasi ni kubwa, hasa watoto, vijana na wanawake. Kwa hiyo wazo la kuijaza nafasi ile halikuzaliwa na uvivu wa zama zetu. Lina umri wa karibu miaka 200, na limekuwa likija kila mara muziki unapoudai mkono wa kushoto kazi mpya.

Na nje ya Ulaya swali hilo hilo limejibiwa kwa namna zinazofundisha sana. Fidla ilipofika kusini mwa India na kuingia katika muziki wa Karnatik, mwanzoni mwa karne ya 19, wapigaji waliketi sakafuni wakakunja miguu, wakakitegemeza kichwa cha fidla juu ya mguu wa kulia na kitako chake wakakiegemeza kifuani. Sababu iko wazi ukisikiliza: muziki ule unaishi kwa kuteleza, kidole kinapanda na kushuka juu ya uzi mmoja kama wimbi lisilotaka kuvunjika, na mkono unaoteleza hivyo hauwezi wakati huo huo kuwa nguzo. Basi nguzo ikawa mguu. Moroko fidla husimamishwa wima juu ya paja, kama ndugu zake wa kale wa nyuzi walivyosimamishwa kabla yake, na huko paja ndilo linalobeba. Wapigaji wengi wa fidla za ngoma za vijijini huko Ireland na katika milima ya Appalachia nchini Marekani waliiegemeza kifuani au chini ya bega na kuibeba kwa kiganja, na muziki wao, pamoja na utamu wake wote, mara nyingi hukaa karibu na kichwa cha fidla, pale ambapo mkono hauhitaji safari ndefu. Katika taarabu ya Unguja, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu mwaka 1905, fidla zimeketi pamoja na udi na ganuni kwa mtindo uliotoka Misri, na huwekwa chini ya kidevu kama Ulaya, huku vidole vikitafuta sauti zile za katikati ambazo kinanda hakina kibao chake. Mguu, paja, kiganja, kidevu. Kila jadi iliutafutia mzigo mbebaji anayeendana na muziki wake. Mimi naona hapo ushahidi kwamba hakuna namna moja ya asili ya kuishika fidla ambayo kiegemeo kimekuja kuichafua. Kila mshiko ni mapatano baina ya mwili, chombo na kile kinachotakiwa kusikika.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalorudiwa zaidi, ni la majina makubwa. Jascha Heifetz hakutumia kiegemeo. Nathan Milstein hakutumia. Itzhak Perlman anapiga bila hicho, na Anne-Sophie Mutter vilevile. Ikiwa mabingwa hao walifika kilele mikono mitupu, mwanafunzi wa leo anadai nini? Hoja hii ina uzito wa heshima lakini haina uzito wa ushahidi, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Mutter hupiga akiwa na gauni linaloacha mabega wazi, na ngozi tupu hushika ubao wa fidla kwa namna ambayo hariri haiwezi. Gauni lile ni sehemu ya mshiko wake. Heifetz na wanaume wa kizazi chake walipanda jukwaani wakiwa na makoti, na koti la mshonaji hodari lina kitambaa juu ya kitambaa, na begani mna mjazo. Aliyevaa koti hilo na kusema hana kitu chini ya fidla alikuwa na kitu, ila kilishonwa na fundi cherehani badala ya fundi wa fidla. Ndiyo maana naona Baillot alikuwa na jicho kali alipowataja watoto na wanawake, watu ambao mavazi yao hayakuwa na mabega ya aina hiyo. Tena upande wa pili una mabingwa wake. Hilary Hahn anatumia kiegemeo, na hakuna anayeweza kumsikia akipiga Bach peke yake na kusema sauti ile imefungwa mdomo. Lakini hata kama orodha ya wasiotumia ingekuwa ndefu mara kumi, ingebaki na kasoro moja kubwa: ni orodha ya waliofika bandarini. Wenye shingo ndefu waliokatazwa kiegemeo wakapiga kwa maumivu miaka minane, kisha wakaifunga fidla katika kasha lake wasiifungue tena, hao hawana rekodi, hawana picha, hawana majina. Mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi picha ya Heifetz na kumwambia avumilie anamlinganisha na mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuvumilia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa methali hiyo inakaa kama kipimo cha fundi, kwa kuwa pengo la shingo haliumi kwa asiyekuwa nalo.

Pingamizi la pili ni la sauti, na hili nalipenda kwa sababu linaizungumzia fidla yenyewe. Ndani ya fidla, kati ya ubao wa juu wa msonobari na ubao wa mgongo wa mti uitwao mepo, kuna kijiti kimoja chembamba kilichosimama wima bila gundi, kikishikiliwa na mbano tu wa mbao mbili. Wataliano na Wafaransa hukiita kwa neno lao la roho. Kijiti hicho hupeleka mgongoni mtetemo unaoanzia kwenye nyuzi na kupita darajani. Kikianguka, fidla hubaki na umbo lake lakini sauti huwa imekufa. Kwa hiyo mgongo wa fidla nao huimba, na kila kinachougusa kinamnyamazisha mwimbaji kwa kiasi fulani. Leopold Auer, mwalimu wa Heifetz na Milstein kule St. Petersburg, alilishikilia jambo hili kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1921, akavikataa vimto vya begani kwa hoja kwamba vinaiibia fidla sauti. Sina sababu ya kumkana Auer. Mto uliolala juu ya mgongo wa fidla kweli unaunyamazisha. Lakini kinachobishaniwa leo, kwa sehemu kubwa, ni kifaa kingine. Kiegemeo kilichoenea zaidi duniani kilitokana na kazi ya Joseph Kun, fundi wa fidla aliyekuwa Ottawa, Kanada, katika miaka ya 1970, yapata miongo minne baada ya Auer kufariki mwaka 1930. Kimekaa kama daraja: kinashika kingo tu, na katikati kinaacha hewa. Kingo hizo zikibanwa zinapoteza kitu, na mpigaji mwenye sikio pevu anayesema anaisikia tofauti hiyo naona anastahili kuaminiwa. Ila mlinganisho ulio wa haki si kati ya kiegemeo na hewa tupu. Aliyeondoa kiegemeo ameugusisha mgongo wa fidla na koti, au na nyama ya bega lake, na nyama nayo hunyonya sauti, pengine kuliko daraja lile la Kun.

Na sauti haianzii katika ubao. Inaanzia katika mkono wa kulia, pale upinde unapokutana na uzi, na mkono wa kulia hauishi peke yake. Bega la kushoto likipanda na kukaza, misuli ya shingo inakaza, mgongo wa juu unafuata, na kabla ya ukurasa wa pili wa muziki bega la kulia nalo limeingia katika kifungo hicho. Upinde unakuwa mzito, unasaga badala ya kuvuta pumzi. Hasara ya aina hiyo ni kubwa kuliko chochote ambacho miguu miwili ya mpira inaweza kuiba. Atakayemvua kiegemeo mwenye shingo ndefu kwa jina la sauti huenda akaongeza kidogo katika mlio wa ubao, akapoteza kingi katika mlio wa mtu.

Nimeliacha mwisho pingamizi ambalo naliona ndilo lenye ukweli mwingi, na wanaokitetea kiegemeo huwa wanalikwepa. Linasema hivi: kiegemeo hufundisha kubana. Mtu akishakuwa na ubao chini na kibao cha kidevu juu, mwili wake unagundua kwamba ukikaza taya kwa chini na bega kwa juu, fidla inasimama hewani bila mkono hata kuigusa. Wapo walimu wanaolionyesha jambo hilo kama ushindi, mwanafunzi akinyoosha mkono wa kushoto pembeni huku fidla imetulia kama tawi. Kwa kulionyesha, hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale inapokuwa ndiyo namna ya kupiga. Fidla yenyewe haifikii nusu kilo, na kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu hadi tano. Kichwa kikiachwa kitue kwa uzito wake, kama mtu anayeitikia neno taratibu, uzito wake unazidi unaotakiwa. Aongeze nguvu ya taya kwa ajili ya nini? Lakini wengi huongeza, na fidla inayobanwa hivyo hukoma kuwa kitu kilichobebwa na kuwa kitu kilichofungwa. Haiinami kidogo kuulaki upinde unapokwenda kwenye uzi mnene, hairudi unapokuja kwenye uzi mwembamba, na alama nyekundu chini ya taya, ambayo wapiga fidla wengi wanayo, inazidi kuwa jeraha. Kubwa kuliko hayo, mkono wa kushoto unasahau kwamba nao ni mbebaji. Unakuwa mgeni juu ya shingo ya fidla, unapitapita, hautui. Wale wanaopiga muziki wa kale kwa desturi za kale, kama Mbelgiji Sigiswald Kuijken, ambaye mwaka 1969 aliacha kuibana fidla kwa kidevu, wameturudishia maarifa haya: kwamba kiganja na kidole gumba vinaweza kuipokea fidla, kuiachia na kuipokea tena, na kwamba muziki wenyewe hubadilika mkono unaposhiriki kubeba. Mkono mmoja haulei mwana, na fidla hailelewi na taya peke yake.

Hayo yote nayakubali. Ninachokikataa ni hukumu inayofuatia, kwamba kwa sababu hiyo kiegemeo kitupwe. Mtazame yule mwenye pengo aliyevuliwa kiegemeo kabla ya kufundishwa kutobana. Hakuacha koleo. Alibadilisha tu chuma kwa nyama: bega lake sasa limepanda kufanya kazi ya ubao, na tofauti ni kwamba ubao hauchoki na bega linachoka. Kasoro iko katika kubana, na kubana kunaweza kukaa katika mwili wenye kiegemeo na katika mwili usio nacho. Kwa hiyo kinachotakiwa kufundishwa ni ubebaji. Mpigaji mwenye kiegemeo anaweza kuinua kichwa katikati ya wimbo, uzito ukahamia kiganjani kwa sauti mbili tatu, kisha kichwa kikarudi. Anaweza kuiacha fidla igeuke kidogo juu ya mtulinga kama mlango juu ya bawaba. Anaweza kukilegeza na kukishusha hadi pale kinapogusa tu bila kusukuma. Mwanamke mwenye ndoo kichwani hufanya vivyo hivyo: mkono unapanda mara moja kuigusa ndoo ardhi inapokuwa mbaya, unashuka njia inapotengemaa, na shingo haijakazwa hata hatua moja, kwa sababu shingo iliyokazwa humwaga maji. Ngata haikumzuia kujua hayo. Ilimwezesha kuyajifunza bila utosi wake kuuma.

Kuna jambo jingine linalopuuzwa katika ubishi huu, nalo ni kwamba pengo lina ncha mbili. Tangu Spohr, fidla imekuwa na kitu juu yake kwa ajili ya kidevu, lakini fidla nyingi huuzwa na kibao cha kimo kimoja, na watu wengi hukiona kama sehemu ya fidla isiyobadilika, kama darizi ya kanzu. Mwenye shingo ndefu akikosa amani hukimbilia kuinyanyua fidla kutoka chini, kiegemeo kinapandishwa miguu hadi mwisho, na fidla inaelea mbali na mtulinga, juu, mahali ambapo mkono wa kulia lazima upande nao kila upinde unapovutwa. Mara nyingi dawa ilikuwa upande wa pili. Kibao cha kidevu kikiongezwa kimo, kikachongwa kulingana na taya la mwenyewe, fidla inaweza kushuka ikalala juu ya mfupa, na mtetemo wake ukaingia kifuani. Baada ya hapo, pengo lililobaki chini huwa dogo, pengine la kujazwa kwa kitambaa tu. Naamini sehemu kubwa ya chuki dhidi ya kiegemeo cha bega imetokana na kukibebesha kazi mbili, yake na ya kibao cha juu. Na naamini pia kwamba fundi anayeweza kuchonga kibao cha kidevu kwa kipimo cha mtu anafanya kazi yenye hadhi ya yule aliyeichonga fidla.

Hapa ndipo suala linapowafikia watoto, na kwao sina subira na itikadi za upande wowote. Mtoto wa miaka saba hana koti la fundi, na shingo yake leo siyo shingo yake ya mwaka ujao. Walimu wengi wanaofuata njia ya Mjapani Shinichi Suzuki huchukua kipande cha sponji, wakakifunga kwenye fidla ndogo kwa mpira wa mkanda, na mtoto anaporefuka wanaongeza kipande kingine. Hakuna gharama kubwa hapo. Godoro lililochakaa lina sponji ya kutosha darasa zima, na mwalimu wa Unguja, wa Bagamoyo au wa Nairobi hahitaji kuagiza kifaa cha Kanada ili mtoto asipinde shingo. Anachohitaji ni kutazama. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto anayejifunza kupandisha bega kila anapoiweka fidla atakuja kulipandisha hata akiwa na miaka arobaini, iwe ana kiegemeo au hana, kwa sababu bega limekwisha kujua kwamba fidla ni kitu cha kuogopwa kisianguke.

Basi kabla ya kumwambia mtu yeyote atumie au asitumie, na asimame. Mikono ining'inie, miguu ikae sawa na nyonga, macho yatazame mbele kama anayemngoja mtu barazani. Avute pumzi na kuitoa, ili mabega yashuke pale yanaposhuka yenyewe. Mtu mwingine amwekee fidla juu ya mtulinga, aishike kwenye kichwa cha fidla, asimwombe afanye lolote. Kisha kati ya kibao cha kidevu na taya ambalo halijainama aingize vidole, kimoja baada ya kingine, na kuvihesabu.